Damu kwenye mswaki: swali nililolikosa nikiwa TP

Nilipokuwa TP katika shule moja ya sekondari ya kata wilayani Chamwino, nilipangiwa mada ya lishe kidato cha pili. Nikafika kwenye vitamini C na kuandika ubaoni kama nilivyoandikiwa mimi enzi zangu: upungufu wake huleta kiseyeye, na dalili ya kiseyeye ni fizi kutoka damu. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Madam, mimi nikipiga mswaki natoka damu kila siku. Kwa hiyo nina kiseyeye?" Nikamjibu bila kusita: ongeza matunda. Akasema, "Lakini Madam, sisi nyumbani tuna mibuyu mitatu. Ubuyu tunakula mpaka meno yanakufa ganzi."

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, ndiyo njia ya mwalimu asiye na jibu.

Ubuyu, kwa wale waliouzoea tu ule wa rangi nyekundu kwenye vipakiti, una vitamini C nyingi kuliko chungwa la uzito uleule. Mtu anayemumunya ubuyu kila siku kiseyeye atakipatia wapi? Jioni ile nikawauliza walimu wenzangu tuliopanga nao nyumba moja. Karibu wote walikubali kwamba na wao huona damu kwenye sinki mara kwa mara, na karibu wote walikuwa na jibu langu lilelile la machungwa. Mmoja akaongeza kwamba yeye huacha kabisa kupiga mswaki upande unaotoka damu, "ili pasiumie zaidi." Kumbe tuko wengi, na tunaenda kufundisha watoto wa watu.

Jibu la swali la yule binti lilishapatikana zamani, kabla hata wazazi wake hawajafika darasani, tena kwa jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulielewa. Mwaka 1965, katika mji wa Aarhus, Denmark, Profesa Harald Löe na wenzake walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, wakawaambia waache kusafisha meno. Basi. Chakula kilekile, maisha yaleyale, mswaki hakuna. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote 12 walikuwa na fizi nyekundu, zilizovimba, zinazotoka damu zikiguswa. Wakarudishiwa miswaki yao, na baada ya wiki moja hivi fizi zikarudi kuwa nzima.

(Na kiseyeye nacho kilichunguzwa kwa watu 12! Ni wale mabaharia ambao daktari James Lind aliwagawa wawili wawili mwaka 1747. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu haraka. Majaribio mawili, idadi ileile, majibu mawili tofauti, na sisi vichwani tumebaki na la kwanza tu.)

Mwenye kiseyeye haishii kutoka damu kwenye fizi. Mwili unakosa nguvu, ngozi inavilia damu, vidonda havifungi. Lakini mtu mzima wa afya, anayekula vizuri, ambaye damu yake inaonekana kwenye mswaki tu, mara nyingi sana tatizo lake ni ukoga: ule utando laini wa bakteria unaojishikiza pale jino linapokutana na ufizi. Ukiuacha, unakomaa na kuwa mgumu kama jiwe, na hapo mswaki hauwezi tena kuutoa. Mwenzetu anayekwepa upande unaotoka damu anafanya kinyume kabisa cha kinachotakiwa.

Ningeweza kuishia hapo, nikarudi darasani nikafuta ubao. Lakini swali lilinivuta mbele zaidi, maana nilijiuliza: damu hii ina hatari gani hasa? Bibi yangu amekuwa akitoka damu kwenye fizi tangu nimjue, na bado anatafuna mahindi ya kuchoma.

Twende taratibu ndani ya ufizi. Bakteria wa kwenye ukoga wakizidi, mwili unatuma seli nyeupe za damu, hasa zile zinazoitwa nyutrofili. Mishipa ya damu inapanuka ili zipite, ndiyo maana ufizi unavimba na kuwa mwekundu. Huo uvimbe wa kujihami ndio wenzetu wa tiba wanauita inflamesheni. Nyutrofili zinakuja na silaha, na moja ya silaha hizo ni kimeng'enya kinachoitwa MMP-8. Kazi yake ni kukata kolajeni ili askari wapate njia. Sasa kolajeni ndiyo kamba inayolifunga jino kwenye mfupa wa taya. Seli za hapo pia zinamwaga protini za kupashana habari, kama intalukini-1 na TNF, za kusema "ongezeni nguvu". Vurugu ikidumu, ujumbe mwingine unaoitwa RANKL unaamsha seli zinazomeng'enya mfupa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uharibifu haifanywi na bakteria wenyewe. Inafanywa na jeshi letu, kama vile fujo za mtaani zinapozimwa na asubuhi ukakuta walioumia zaidi ni wenye vibanda vya chipsi.

Hatua ya kwanza, ambapo ufizi umevimba lakini kamba na mfupa ni vizima, inaitwa jinjivaitisi, na inarudi nyuma kama ilivyorudi Aarhus. Hatua ambayo kamba zimekatika na mfupa umeliwa inaitwa periodontaitisi. Hiyo hairudi yenyewe. Unaweza kuisimamisha, ila mfupa ulioondoka kwa kawaida umeondoka.

Zamani iliaminika kwamba ya kwanza ikiachwa lazima izae ya pili, na ya pili lazima ing'oe meno. Imani hiyo ilitikiswa na watu wa huku kwetu. Mwaka 1986 Vibeke Baelum na Ole Fejerskov wa Denmark pamoja na wenzao walichapisha uchunguzi wa vinywa vya Watanzania watu wazima wa miaka 30 hadi 69. Mwaka 1988 ukafuata wa Machakos, Kenya, kwa watu 1,131 wa miaka 15 hadi 65, safari hii akiwemo Firoze Manji, Mkenya yuleyule ambaye baadaye alianzisha jarida la Pambazuka. Kwa nadharia ya wakati ule, watu hawa walitakiwa wawe vibogoyo. Ukoga ulikuwa mwingi, mgumu na laini, fizi zinatoka damu kila mahali. Lakini meno yalikuwepo! Waliopoteza meno yote walikuwa wachache mno, na uharibifu mkubwa wa kamba na mfupa ulikuwa umejilundika kwa sehemu ndogo ya watu, na kwa meno machache ndani ya vinywa vyao.

Mwaka huohuo wa 1986 Löe, yule wa Aarhus, alitoa matokeo ya wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai Sri Lanka ambao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki. Walifuatiliwa tangu 1970 hadi 1985. Asilimia 8 waliharibikiwa kwa kasi, asilimia 81 kwa kasi ya wastani, na asilimia 11 hawakuvuka hatua ya uvimbe. Ukoga ule ule, shamba lile lile, matokeo matatu.

Hapa ndipo mimi kama mtu wa ualimu nilipoamka. Kwenye kozi ya upimaji tunafundishwa kwamba swali zuri la mtihani ni lile linalomtenganisha anayejua na asiyejua. Swali ambalo darasa zima limekosa halikusaidii kitu. Huwezi kulitumia kujua nani anahitaji msaada. Damu ya fizi ndiyo swali hilo. Karibu wote tunalikosa, lakini watakaopoteza mfupa ni wachache. Niklaus Lang na wenzake wa Bern, Uswisi, waliliangalia jambo hili kwa wagonjwa waliokwisha kutibiwa na wanarudi kliniki kukaguliwa. Sehemu zilizotoka damu katika mahudhurio manne mfululizo, takriban asilimia 30 tu ndizo zilizoendelea kuharibika. Ila upande wa pili wa shilingi una nguvu: sehemu ambayo haitoki damu kila ikikaguliwa, uwezekano wa kubaki salama ni karibu asilimia 98. Yaani kutokuwepo kwa damu kunakuambia mengi kuliko kuwepo kwake. Isipokuwa kwa wavuta sigara. Sigara hubana mishipa ya damu ya ufizi, kwa hiyo mvutaji anaweza kuwa na ufizi mkavu, hauna damu, na chini yake mfupa unaondoka kimyakimya.

Kipimo cha kawaida cha daktari wa meno ni kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Anakishusha taratibu kati ya jino na ufizi. Milimita 1 hadi 3 ni sawa, 4 na kuendelea panahitaji kuangaliwa. Baadaye eksirei inaonyesha mfupa umebaki kiasi gani. Vipimo hivi ni vizuri, lakini vinafanana na UE. Vinakuambia kilichokwisha kutokea. Ukiona mfuko wa milimita 7, matokeo yameshabandikwa ukutani. Kinachotakiwa ni kitu kama koziweki: kipimo kinachosema leo, sasa hivi, vurugu inaendelea au imetulia.

Ndiyo kazi ya viashiria vya uvimbe, au bayomaka. Katika kile kijifereji kati ya jino na ufizi kuna majimaji yanachuruzika muda wote, na uvimbe ukiongezeka yanaongezeka. Humo ndani mna hizo silaha na hizo barua nilizozitaja: MMP-8, intalukini-1, RANKL. Mengine yanafika mpaka kwenye mate. Kati ya vyote, MMP-8 ndiyo iliyofika mbali zaidi. Timo Sorsa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, waliifanyia kazi miaka mingi mpaka kikapatikana kipimo cha kutumia kitini kwa daktari, kinachouzwa kwa jina la PerioSafe. Unasukutua, unatema kwenye kikombe, kijistiki kinachovywa, na baada ya kama dakika 5 unasoma. Mstari mmoja, kiwango kiko chini. Miwili, kimefika nanogramu 20 kwa mililita au kupita. Aliyewahi kupimwa malaria kwa kidole pale zahanati hahitaji maelezo zaidi, na waliowahi kusubiri mistari miwili ya aina nyingine chooni bwenini nao wananielewa.

Kinapima MMP-8 ambayo tayari imeamshwa, yaani kisu kilichokwisha chomolewa alani. Ndiyo maana kina matumaini ya kufanya kile ambacho damu imeshindwa. Wataalamu wa fizi walipokutana Chicago mwaka 2017 na kupanga upya ugonjwa huu katika hatua nne za ukubwa na madaraja matatu ya kasi, waliacha nafasi kwenye hayo madaraja ya kasi kwa ajili ya viashiria kama hivi, pale ushahidi utakapotosha.

Niguse na meno ya kupandikiza, maana huko ndiko kipimo hiki kina uzito wa pekee. Msweden Per-Ingvar Brånemark aligundua katika miaka ya 1950, akichunguza mifupa ya sungura, kwamba titaniamu ikiwekwa ndani ya mfupa hushikana nao kabisa. Mwaka 1965, mwaka uleule wa jaribio la Aarhus, akamwekea binadamu wa kwanza. Leo pandikizi ni skrubu ya titaniamu tayani na jino la bandia juu yake. Bei yake si ya kuongelea kwenye jarida la wanaoishi kwa boom. Hapa mtu aking'olewa jino anabaki na pengo, au anavaa lile la kuvua usiku.

Watu wanadhani chuma hakiugui. Chuma hakiugui, ufizi unaokizunguka unaugua. Jino la asili limefungwa kwa kamba za kolajeni zinazoingia ndani ya mzizi wake kama nyuzi za turubai kwenye nguzo. Pandikizi halina hizo. Kolajeni inapita pembeni yake tu. Bakteria wakipita mlangoni, ulinzi ni hafifu, na mfupa unaweza kuliwa kwa kasi kuliko kwenye jino. Ugonjwa huo unaitwa peri-implantaitisi, na aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi ndiye mwenye hatari kubwa ya kuupata tena kwenye pandikizi, kwa sababu taya ni lile lile na jeshi ni lile lile. Kipimo cha MMP-8 kina ndugu yake wa kukagua vipandikizi: majimaji yanachukuliwa pembeni ya chuma na kusomwa vilevile. Pale ambapo mtu ametumia akiba ya maisha kununua jino moja, kujua mapema kwamba moto umeanza si anasa.

Kwa sisi wa bwenini mambo ni mepesi zaidi. Mswaki laini, mara mbili kwa siku, ukiuelekeza pale jino na ufizi vinapokutana, na usiruke panapotoka damu. Maji yakikatika, kikombe kimoja kinatosha. Mswaki wa mti nao ni mswaki. Jina lenyewe limetoka huko, na mti wake unapenda nchi kavu kama hii yetu. Ila usisugue kwa mchanga wala mkaa. Hasa mnaotoka Singida au Arusha, kwenye maji yenye floridi nyingi: ile rangi ya kahawia imo ndani ya jino tangu linaota, si uchafu, na kusugua kwa nguvu kutakuondolea ufizi, rangi ikabaki. Kama baada ya wiki mbili tatu za kusafisha vizuri damu bado ipo, au jino linacheza, nenda kwa daktari wa meno. Mwenye kisukari asisubiri hata hizo wiki, kwani sukari na fizi zinachocheana pande zote mbili: kutibu fizi kumeonekana kushusha kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu kwa takriban 0.4.

Na kuna moja la kipindi cha UE. Ukiona ghafla vile vincha vya ufizi kati ya meno vimechimbika kama vimeng'atwa, maumivu makali, mdomo unanuka hata wewe mwenyewe unasikia, hiyo si damu ya kawaida. Iliwasumbua askari kwenye mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na inawapenda wasiolala, wenye msongo, wanaovuta sigara na wasiokula vizuri. Inaweza pia kuwa ishara kwamba kinga imeshuka, kwa hiyo ukishauriwa kupima VVU usichukulie kama tusi. Inatibika haraka ukiwahi.

Turudi kwenye vijistiki. Kuna jambo moja linanikera, na nalitupa kwa wenzetu wanaosomea tiba na meno. Kwenye ualimu tunaonywa kuhusu mitihani iliyosanifiwa kwa watoto wa nchi nyingine, halafu ikaletwa kumpima mtoto wa Mpwapwa. Huu mstari wa nanogramu 20 nao umetoka Ulaya. Kipimo kimejaribiwa Nigeria, matokeo yakachapishwa mwaka 2014, na kilionekana kuwatambua wenye mifuko mirefu na damu. Sawa. Lakini kumtambua aliyekwisha kuugua ni kazi nyepesi, kijiti cha milimita kinaiweza. Kazi ngumu ni ile ya Machakos: katika kijiji ambacho karibu kila ufizi umevimba, je, mistari miwili itawachagua wale wachache ambao mfupa utaondoka, au itawapaka wote rangi moja kama damu ilivyofanya? Hilo halijibiwi kwa kupima watu siku moja. Ni kuwapima leo, kuwaandika, na kurudi kwao mwaka kesho na mwaka wa tano. Kwenye vijiji vinavyozunguka Dodoma watu wapo na barabara zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuifanya tasnifu yake.

Wiki iliyofuata nilirudi kidato cha pili nikasema wazi kwamba jibu langu lilikuwa la kiseyeye na swali lilikuwa la ukoga. Nilichora jino, ufizi na kamba ubaoni. Yule binti hakuniuliza kuhusu bakteria wala nyutrofili. Aliuliza kama ubuyu wa sukari unahesabika kwenye ukoga. Nikamwambia ndiyo, tena sana. Akaguna.